Mama Masikio, Aliyeandikwa Amechanganyikiwa

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Masikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshonaji.

Alianza shule mwaka 1958. Surua ilimpunguzia usikivu, mwalimu akamsukumia dawati la nyuma pamoja na waliohesabiwa wazito wa kuelewa. Alimaliza akiwa wa kwanza darasani. Mwalimu yule hakusamehewa.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika duka la vifaa vya kusikia. Akishampima mtu na kumvisha kifaa, alimtoa mpaka barabarani, kwenye honi na makelele ya wachuuzi, aone kama kweli anasikia. Jamaa zake aliwafundisha kuzungumza naye wakimtazama usoni.

Dukani humo ndimo alimokutana na baba yetu, seremala, aliyemleta mzee wake kupimwa. Kila alipoulizwa mzee swali, kijana alidakia. Marehemu alikigeuza kiti cha kijana kikatazama ukuta. "Wewe kaa hapo. Masikio ni ya baba." Wiki iliyofuata kijana alirudi peke yake, eti naye hasikii vizuri. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979.

Miaka ya baadaye alikuja bosi mpya, akaanza kuuza vifaa vya saizi moja ndani ya maboksi bila kumpima mtu. Wazee wakawa wanarudi navyo vikipiga miluzi masikioni. "Bosi, hata viatu watu hujaribu," marehemu alimwambia. Akaacha kazi, akafungua chumba chake cha kupimia nyumbani.

Mwenyewe alivaa vifaa masikio yote mawili. Tarehe 11 Juni 2023 alipelekwa hospitali akiumwa tumbo. Kabla ya kumpiga picha walimvua vifaa vyake, wasimrudishie. Daktari alimuuliza maswali akiwa amevaa barakoa, macho kwenye kompyuta. Hakujibu. Faili likaandikwa kwamba amechanganyikiwa kwa uzee, akachomwa sindano ya kumtuliza. Sisi tulizuiwa mlangoni hadi asubuhi.

Binti yake mkubwa alivikuta vifaa kwenye droo, chini ya glavu. Alipomvisha tu, marehemu alisema, "Ni hapa chini, kulia. Tangu jana nawaonyesha." Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Alipasuliwa, akafariki tarehe 14 Juni.

Tumekasirika, na hatutalipamba jambo hili kwa sababu tu tuko msibani. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha wengine kumtazama mgonjwa usoni hakutazamwa usoni.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na wateja ambao leo wamejaa viti vya mbele.

Ndugu wafanyakazi mliotoka hospitalini, asanteni kwa kuja. Tuliomba maneno yale yafutwe kwenye faili, tukajibiwa kwamba marehemu hana haja nayo tena. Sisi tunayo haja. Apumzike kwa amani mama yetu, aliyeondoka na akili zake zote.