Kofia ya Arobaini

Sogeeni karibu na kitanda, wanangu, wewe Kassimu ukae upande huu wa dirisha, na wewe Rahma funga mlango, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno, na leo nasema mimi, Mwanaheri mama yenu, nyinyi mnasikiliza tu.

Shamba la hapa Lukozi na nyumba hii shehe atawagawia kama dini inavyosema, na sitaki kusikia kelele za mpaka wa kabichi juu ya kaburi langu. Kinachoninyima usingizi ni ile injini ya boti iliyoegemezwa pale kwenye kona.

Macho yangu yamekwisha, masikio bado. Jana, Kassimu, uliiwasha uani kwenye pipa la maji, nikasikia kofia yake, kile kifuniko cha juu, inagongagonga. Ulipoondoka Rahma akaniegemeza pale, nikaipapasa. Si kofia aliyoiacha marehemu baba yenu. Umeivisha kofia ya injini kubwa, Rahma ameninong'oneza imeandikwa arobaini, nguvu za farasi arobaini, na kesho Silvano anapanda kutoka Mombo kuja kuinunua. Silvano anavusha watu bwawani kule bondeni, na kwa mvua hizi bwawa limekutana na mto. Akiamini ni arobaini atapakia mzigo wa arobaini, na hii ni ishirini na tano, itamshinda katikati ya mkondo, na humo watakuwemo kina mama wenye watoto mgongoni. Naogopa, mwanangu.

Injini haijulikani kwa kofia. Kofia huvunjika, huibiwa, hupakwa rangi. Tazameni kwenye kile kibanio kinachoshika boti, kuna kibati chenye namba. Baba yenu alikuwa akikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka namba zisomeke, na akienda kwa muuza vipuri Tanga alitaja namba hizo, kofia hakuitaja hata siku moja. Ndiyo maana kile kipuri cha pampu ya maji ulichonunua juzi, Kassimu, kwa kusoma kofia kimekataa kuingia, ukarudi umenuna, unalaumu duka.

Na yeyote atakayeichukua mwambieni hivi. Hii ni ya zamani, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ukiipa petroli tupu utaiua. Ikiwaka, tazama kwanza maji yanayoruka nyuma yake, ndiyo yanayoipoza. Yasiporuka, zima, hata kama abiria wanakupigia kelele. Sisi wa milimani tunalo letu ambalo watu wa pwani hawana haja nalo. Ukiilaza kwenye gari la mboga kushuka Mombo, kichwa chake kielekee nyuma ya gari, na ikipanda kielekee mbele, kichwa kiwe juu siku zote, maana maji yaliyobaki mguuni, kule kunakozama, yakitiririkia kichwani yanaila kwa ndani. Baba yenu Issa aliwahi kusimamisha gari kwenye kona za Soni, akashusha matenga ya karoti barabarani ili aigeuze, dereva anatukana, yeye anacheka tu. Nilimpenda sana siku ile.

Rahma, huo mto... nipandishe kidogo. Basi, hapo.

Kassimu, najua maisha yamekubana, na najua hukumtakia Silvano mabaya, uliwaza bei tu. Iuze, sikukatazi, lakini iuze kwa jina lake la kweli, ishirini na tano. Dada yako nimekwisha kumpa radhi yangu. Yako ninayo hapa mdomoni, nakusubiri wewe. Inuka ukaivue hiyo kofia sasa hivi, mimi nikiwa hai. Ina makomeo mawili. La mbele ni laini, la nyuma umelilazimisha, litataka kupigwa kwa kiganja.

Nenda. Usinishike mkono, mwanangu, kashike komeo.

Hilo la mbele. Nimelisikia.

Kassimu? Usilie, baba. Piga. Mimi... pumzi hii inanitoroka... piga kwa kiganja, nakusikiliza...

Alhamdulillahi, kofia imetoka. Iacheni hivyohivyo wazi, Silvano aione akiingia tu mlangoni. Radhi yangu unayo, mwanangu. Mungu akuvushe, wewe na wote watakaopanda... na wote...