Aliyeufunga Mfuniko wa Shangazi Tine

Nani kati yenu aliufunga mfuniko?

Nauliza kabla ya salamu, mchungaji anisamehe, kwa sababu baada ya ibada kuna kahawa na keki ya siagi, na keki ikishaingia kinywani, kila maiti wa mji huu wa Eckernförde huwa alikuwa mtu mwema na maneno yameisha. Mimi ni Wiebke, mtoto pekee wa marehemu, na historia yake ni hii.

Marehemu Hinrich Lorenzen alizaliwa tarehe 12 Machi 1914 hapa hapa mjini, mtoto wa tatu wa mkausha samaki kwa moshi, akasoma hadi alipotimiza miaka kumi na minne, akaingia kwenye meli za mizigo, kisha chuo cha ubaharia Flensburg, alikohitimu mwaka 1938 na kuchukuliwa na jeshi la majini kabla hata hajanunua suti.

Kuanzia hapo maisha yake na ya nyambizi moja hayatenganishiki, basi nitayasoma pamoja. Ilizaliwa Kiel, ikashushwa majini Oktoba 1941, ikasomea kwenye barafu ya Bahari ya Baltiki, ikapangiwa kazi katika bandari moja ya Ufaransa, na mabaharia wakaiita Shangazi Tine kwa sababu iliguna kila ilipoteremka. Shangazi alizamisha meli tatu za mizigo, na watu waliokuwamo walikuwa na mama zao, kwa hiyo anayengoja nitaje ushujaa atangoja sana. Ndani ya bomba lile walikaa wanaume hamsini, wakipokezana vitanda vikiwa bado na joto la mwenzao, mikate ikiota manyoya meupe hadi wakaiita sungura, na choo ni kimoja, maana cha pili kilijazwa viazi.

"Toka, Hinrich, hicho si kiti cha enzi!" Okke Ketelsen, rafiki yake wa tangu shuleni, alikuwa akimgongea.

"Tulia, shemeji, hata Mzee hungoja zamu yake." Mzee alikuwa kamanda, na ushemeji ulikuwa bado wa matumaini tu, kwani marehemu alikuwa amemtupia jicho Gesche, dada yake Okke.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1943, magharibi ya Ireland, nyambizi ikiwa juu ya maji, marehemu alikuwa mkuu wa zamu mnarani, pamoja na watazamaji wanne, kila mmoja amejifunga mkanda kwenye chuma ili wimbi lisimchukue. Ndege ya adui ikachomoza mawinguni. Ninyi wazee wa kiti cha mbele mnaijua sheria: king'ora kikilia, watazamaji hujitumbukiza mmoja mmoja katika shimo la kuingilia ndani, mkuu wa zamu huwa wa mwisho, naye ndiye huufunga mfuniko, kwa hiyo mkuu akishaonekana ndani hakuna anayehesabu vichwa. Siku hiyo risasi ilimpata marehemu begani, akaporomoka shimoni kabla ya zamu yake, na mfuniko ukafungwa, Shangazi akateremka. Okke alikuwa bado juu, anapambana na ndoano ya mkanda. Wote walimsikia akiupiga mfuniko kwa buti, na kuufungua kungewazamisha wote, wakasimama wakitazama juu, hadi maji yakamnyamazisha.

"Nani kafunga?" Mzee akauliza.

"Mimi," akajibu marehemu, kwa kuwa ilikuwa kazi yake, na neno hilo likaingia katika kila nyumba ya mji huu.

Shangazi Tine alifariki Mei 1945, akizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika ghuba isiyo mbali na hapa, na wote wakatoka salama, isipokuwa marehemu, ambaye naona hakutoka mle hadi Jumanne iliyopita.

Tarehe 14 Juni 1947 alimwoa Gesche, baada ya kumwambia kwa kinywa chake kwamba ndiye aliyemfungia kaka yake nje, naye Mama akalia wiki nzima, akakubali. Mama mdogo Frauke hakuja harusini, wala hajakanyaga kwetu hadi leo. Nilikulia katika nyumba isiyo na milango, maana Baba aliing'oa yote, hata wa chooni, Mama akashona pazia, na wageni wakijisaidia waliimba ili ijulikane wamo. Aliendesha kivuko miaka ishirini na minane, akisimama nje hata theluji ikianguka. "Ingia, Lorenzen, utaganda!" wenzake walimwambia, naye akajibu, "Ingieni ninyi, mnaopenda makopo."

Aliugua mapafu tangu Machi, akalazwa Septemba, na huko akaniambia, "Sikuufunga, mwanangu. Nilikuwa nimelala chini, natazama viatu vya watu."

"Ni nani, basi?"

"Atakuja kula keki yangu. Mwache."

"Na Mama ulimficha?"

"Ukishasema 'mimi' mbele ya watu hamsini, hutoki tena."

Alifariki tarehe 8 Novemba 1983, mlango wa wodi ukiwa wazi. Mama amelala katika kaburi la akina Ketelsen, kwenye jiwe lenye jina la Okke asiye na mwili, na mwenye kaburi ni Mama mdogo, aliyeniambia jikoni kwake, "Aliyemfungia kaka yangu nje hatalala naye ndani. Kama si yeye, nitasikia kwa kinywa cha aliyefunga, si chako, msomi wewe." Ndiyo maana shimo la Baba limechimbwa kule ukutani, penye mabomba ya maji.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi walioacha mlango wazi, majirani kwa supu, wenzake wa kivukoni, na mabaharia watatu mliobaki wa Shangazi Tine, hasa mwenyekiti wenu, Bwana Detlef Thomsen, kwa shada lenye utepe "Kwa mwenzetu mwaminifu", na kwa kuja kwetu kila Krismasi na chupa, akikaa pale mlango ulipokuwa. Baba, pumzika kwa

Hapo karatasi yangu ilibakiza neno moja, sikulisoma. Bwana Thomsen alikuwa amesimama, kofia mkononi, wala hakunitazama mimi, bali Mama mdogo, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa.

"Nilikuwa kwenye usukani, chini ya shimo," akasema. "Nikamwona Hinrich kashaingia. Sikuhesabu. Frauke, niliufunga mimi."