Maisha ya Bi Taratibu, Mtunza Kompyuta za Hospitali

Wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wa hospitali na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mimi ni seremala, karatasi hii nimesaidiwa na shemeji, mwalimu wa hesabu, ndiyo maana tarehe zote ni sahihi, na mkisikia kosa mahali pengine mjue hapo ni pangu.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo jirani na soko kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, ambako mwalimu wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ni wa mwisho kumaliza na wa kwanza kupata, kisha akaenda sekondari ya wasichana hadi mwaka 1985, na mwaka 1988 akahitimu chuo cha uhazili, akiwa na cheti cha kupiga chapa.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa hospitalini kama karani wa masjala, na ilipoletwa kompyuta ya kwanza mwaka 1994, wenzake wakaikwepa kama mbwa asiyefungwa, yeye akavuta kiti, akaanza kusoma kitabu chake cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, na kwa sababu kila aliyemharakisha alijibiwa "taratibu", jina la Bi Taratibu likamkaa, likamfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha mitambo, alichokabidhiwa mwaka 2000.

Katikati ya hayo, tarehe 18 Desemba 1993, alifunga ndoa na shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, ambao wote wapo hapa mbele yenu, na ambao watawaambia kwamba mama yao hakuwahi kumchapa mtoto kabla ya kuuliza mara mbili ni nani hasa aliyevunja sahani.

Sasa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe. Siku ya Jumanne, tarehe 16 Mei 2006, asubuhi, majibu ya maabara ya wiki sita yalikutwa yamefutika kwenye kompyuta, na siku zile watu tisa walikuwa wakiingia kwa akaunti moja kuu, yenye uwezo wa kufanya lolote, kwa nenosiri moja lililobandikwa ndani ya mlango wa kabati, hivyo kumbukumbu za mtambo zilionyesha tu kwamba akaunti kuu imefuta, bila kusema ni mkono wa nani. Lawama ikamwangukia mtaalamu wa maabara aliyekuwa zamu, mama wa watoto wanne, akasimamishwa kazi na kurudishwa nyumbani.

Siku ya kumi dada alikuwa akipitia daftari lake la kazi, akaona amri aliyoiandika mwenyewe Jumatatu ile, ya kufuta nakala za zamani, aliyoiacha ijiendeshe yenyewe alfajiri, na ndani yake akaona ameweka nafasi moja isiyotakiwa kati ya maneno mawili, na nafasi hiyo ndiyo iliyoifanya kompyuta ifute kabrasha zima la majibu ya maabara. Alikuja nyumbani mchana, hakula, akamweleza mumewe, na shemeji ameniruhusu niwasomee alichomjibu siku ile, kwamba "Mama watoto, ukinyamaza hakuna atakayejua", na dada akasema, "Mimi nitajua, na yule mama aliyekaa kwake atajua kwamba si yeye. Tayari tuko wawili." Akavaa viatu, akarudi kazini, akaingia kwa mganga mkuu na daftari mkononi.

Alipewa onyo la maandishi na kushushwa cheo kwa mwaka mmoja, na mtaalamu wa maabara akarudi kazini siku ya kumi na mbili, wakakaa wawili meza moja kwa wiki tatu wakiyaandika upya majibu yote kutoka kwenye vitabu vya karatasi, mmoja anasoma, mwingine anapiga chapa, na inasemekana siku nne za kwanza hawakuzungumza neno lolote ila majina ya wagonjwa, mpaka siku ya tano yule mama alipomsogezea kikombe cha chai.

Ndipo dada akaomba kibali cha kuweka kwenye seva zote kumi na nne, yaani kompyuta kuu za hospitali, programu iitwayo sudo, ambayo alinieleza hivi, nikaelewa hata mimi, kwamba kila mtu anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, anaruhusiwa kazi zile tu zilizoandikwa kwenye faili moja la ruhusa, na kila anapotumia uwezo huo mkubwa mtambo unaandika jina lake, amri yake na saa yake, hivyo hakuna atakayebeba mzigo wa mwenzake. Haikuwa lelemama, kwani kwenye seva ya pili alilihariri faili hilo kwa njia ya mkato, badala ya ile amri maalumu inayokagua makosa kabla ya kuhifadhi, akasahau alama moja, mtambo ukawakatalia wote, yeye wa kwanza, ikabidi auzime na kuuwasha kwa njia ya dharura, na tangu siku hiyo hakugusa faili lile bila kuacha dirisha la pili la kompyuta likiwa wazi, ameshaingia tayari, asije akafungiwa nje tena. Ofisa utawala alipomtaka amwandikie ruhusa zote, dada alimuuliza, "Zote za kufanyia nini, kaka?" na ilipodhihirika kwamba anahitaji kuwasha upya mashine ya kuchapa, akaandikiwa hiyo, na naambiwa anaitumia hadi leo kwa furaha.

Dada alianza kuugua figo mwezi Agosti 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ileile, akifanya kazi siku zilizobaki, hadi tarehe 20 Februari 2023, alipomwita kitandani msaidizi wake, binti aliyemfundisha kwa miaka saba, akamwagiza alifute jina lake kwenye faili la ruhusa katika seva zote, kisha akaomba kompyuta ndogo ajaribu mwenyewe, na mtambo ulipomjibu kwamba hana ruhusa na kwamba jaribio lake litaripotiwa, alicheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani amezidiwa.

Alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, na upande wa pili akiwa amekaa yule mtaalamu wa maabara, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuja kila siku ya kusafishwa damu, hata baada ya kustaafu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomwita mama na kumtunza kama mama, majirani waliopokezana kuwapikia watoto na kumpeleka hospitali bila kuombwa mara mbili, wafanyakazi wenzake wa chumba cha mitambo ambao wiki hii nzima wameendesha kazi bila kutupigia simu hata moja, jambo ambalo dada angelihesabu kuwa rambirambi kubwa kuliko zote, na wewe, mama wa maabara, tunakushukuru kwa namna ambayo mimi seremala sina maneno yake, kwani ulisamehe mapema, ukabaki.

Dada, kazi umekabidhi na waliobaki wanaiweza. Pumzika kwa amani, taratibu.