Dk. Theodory Anastaafu Bila Kunawa Mikono

Baada ya miaka minne ya utumishi katika zahanati yetu ya hapa delta, Dk. Theodory, daktari aliyetengenezwa kwa miale ya taa, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1996. Muda wote huo hakuomba likizo, hakuchelewa kazini wala hakunawa mikono. Ile tuliyokuwa tukiiona ilikuwa ya kuelekezea tu, haikushika kitu.

Aliletwa Januari 1993 kutoka Kibiti, ndani ya kasha, pamoja na jenereta na barua ya mradi. Barua ilieleza kwamba zama hizi za soko huria hazitaki watumishi wengi, hivyo muuguzi wetu, Sista Consolatha, angepunguzwa kazini mara daktari akishazoea mazingira. Tulimpongeza Sista kwa bahati hiyo.

Kuzoea kulichukua muda. Daktari alionekana gizani tu, kwa hiyo tulifunga madirisha. Na kwa kuwa gizani naye hakuona vizuri, mwaka mzima wa kwanza machoni pake kila mgonjwa alikuwa amepungukiwa damu. Mzee Bushiri alikuja na jipu, akaondoka na vidonge vya kuongeza damu. Hata hivyo, kwa adabu zake, alikuwa ameshamkaribisha daktari kiti na kumuuliza kama amekula. Tumbo la kuguswa aligusa Sista, sindano alichoma Sista, na ripoti ikaandikwa kwamba daktari ametibu.

Hatutasahau siku Mwanajuma alipoletwa kujifungua, mtoto akitanguliza matako. Daktari alianza kueleza hatua tisa kwa ufasaha wa kupendeza. Alipomaliza ya nne, jenereta likaishiwa dizeli. Sista akafungua dirisha, akazikamilisha tano zilizobaki peke yake. Jenereta lilipowashwa tena, daktari aliendelea na hatua ya tano. Tulimsikiliza kwa heshima, mtoto akinyonya.

Mwezi uliopita wakubwa wa mradi walikuja na orodha ya wa kupunguzwa, jina la Sista likiwa la kwanza. Wakamuuliza daktari amezalisha akina mama wangapi. Hapa, ndugu zangu, utani nauweka kando. Huyu bwana hajui kusema uongo. Alijibu kwamba hajamzalisha hata mmoja. Wote themanini na wanne ni kazi ya Consolatha, na kama kuna wa kupunguzwa, basi ni yeye mwenyewe daktari. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Daktari, ahsante kwa yote, hata kwa vile vidonge. Tunakutakia mapumziko mema, mahali penye umeme wa uhakika. Kasha lako halitabebwa na wapagazi. Sista Consolatha ameomba alifikishe mtumbwini kwa mikono yake.

Ni mimi, karani wa zahanati