Shangazi na Sakafu ya Mbao

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mwenyewe anayehusika: nikibaki peke yangu mchana katika ukumbi wa klabu yetu maarufu ya dansi, navua viatu na kusikiliza mbao. Namwiga shangazi, mtunza sakafu, ninayemfuata hapa nikitoka shule; anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini.

Jengo hili lilikuwa ghala la magodoro. Mwenye mali wa kwanza akatandika mbao, akaleta bendi, jiji zima likahamia humu. Bendi ikapisha santuri, santuri zikapisha madijei wenye spika kubwa kama makabati. Shangazi hakumpisha mtu.

Kila alasiri hupita pekupeku, ubao kwa ubao. Unaolia hupigwa msumari palepale. Enzi za bendi, hakuna aliyethubutu kushusha ngoma kabla shangazi hajapiga kisigino na kusema, "Haya wanangu, uvunjeni ukumbi!"

Hajawahi kukosea? Thubutu! Siku ya kuzindua jukwaa jipya alizidisha nta kwa furaha. Mpiga tarumbeta akashuka kwa madaha, akateleza mpaka baa bila kuacha kupuliza. Watu wakadhani ni mtindo mpya. Mwezi mzima wakamdai ateleze tena. Hadi leo akimwona shangazi husimama mbali na kuuliza:

"Shikamoo, mama nta! Hapo ulipo pakavu?"

"Marahaba, mtelezi. Njoo ujionee."

Sasa bosi wa klabu anasema shangazi akiondoka mbao zing'olewe, viwekwe vigae, kwa kuwa hakuna wa kuzisikiliza. Shangazi alipoambiwa alicheka. Kisha akachukua ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Bosi, mimi mdomo wangu mzito. Shuleni wananifundisha kwa lugha mbili, na zote mbili nanyamaza. Ndiyo maana naandika. Wa kuzisikiliza yupo. Ubao ulio karibu na nguzo ya pili ulianza kulia juzi, nenda ukaukanyage. Nipe alasiri za Jumamosi, na mbao uziache.

Shangazi, asante kwa kila mguu uliocheza humu bila kujikwaa. Nenda kapumzishe magoti, unywe chai ikiwa bado ya moto, na maisha yakupigie muziki wa taratibu.

Nasikia nyayo zinakuja stoo hii ninamoandikia. Hazina viatu; ni zake. Siku zote nimeufunika ukurasa huu kwa kitabu cha hisabati.

Leo nakisukuma kando. Karibu, shangazi, soma.