Antipasi Njiku, Aliyeweka Mpini Mfukoni

Tarehe 31 Desemba 1954 Bwana Antipasi Njiku, fundi mkuu wa umeme wa Mgodi wa Kisonga, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kutuzimia taa. Wapo watakaosema nilipaswa kuandika "kutuwashia". Hao hawajawahi kuishi kambini kwetu.

Alizaliwa Mungaa, kwa Wanyaturu, akaja huku Iramba mwaka 1931 kubeba kuni za boila. Sisi Wanyiramba tulimpokea kwa furaha, maana kuni zilikuwa nzito na Mnyaturu alikuwa amejileta mwenyewe. Karibu na boila palikuwa na dainamo, na kwenye dainamo palikuwa na fundi Singasinga, mchache wa maneno na mkarimu wa makofi. Kwake Antipasi alisomea volti, ampea na omu kwa miaka minne. Mpaka leo akiona waya umeungwa vibaya hushika shavu.

Dainamo yetu hutoa volti mia na kumi na ampea hamsini, basi. Zidisha upate wati elfu tano na mia tano. Antipasi alizigawa wati hizo kama mama mwenye watoto wengi na chungu kimoja cha ugali. Kila taa ya kambi aliijua kwa kichwa, inakula kiasi gani na inawashwa na nani. Aliyechomeka taa ya ziada alijikuta gizani, na asubuhi alikuta sababu imeandikwa kwa chaki mlangoni pake, hesabu nzima mpaka jibu. Klabu ya Wazungu nayo iliandikiwa, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kisa cha pasi wengi mnakijua kwa kukisikia, mimi nilikiona. Mke wa meneja wa wakati ule alirudi kutoka Ulaya na pasi ya umeme, akamkabidhi dobi wake, Paskali. Mashati yakatoka na mikunjo ileile yaliyoingia nayo, na Paskali akaambiwa kwamba uvivu wake utamrudisha kwao Mtinko kabla ya Jumapili. Antipasi aliitwa akague waya. Aliigeuza pasi, akasoma kibandiko: wati mia sita, kwa volti mia mbili na ishirini. Akamweleza bibi yule kwa adabu zote kwamba hapa volti ni nusu ya hizo. Volti zikiwa nusu, ampea nazo huwa nusu, na nusu ya nusu ni robo. Pasi ya wati mia sita ilikuwa inafanya kazi ya wati mia na hamsini, kwa hiyo anayestahili kufukuzwa ni pasi. Bibi akajibu kwamba hakuomba hesabu. Hata hivyo Paskali hakwenda Mtinko, na pasi ya mkaa ikarudi kazini.

Tabia zake nyingine nitazisema kwa kifupi kwa sababu mkewe, Mama Theodora, atausoma ukurasa huu. Hajui kuimba na anaimba. Hanunui betri za tochi dukani Singida mpaka aijaribu kila moja kwa kuwashia taa mbele ya mwenye duka, kwa hoja kwamba betri isiyo na kazi hujisifu, ipe mzigo ndipo uijue. Mwenye duka alishamwomba ahamie duka la jirani.

Sasa nije kwenye siku ya Juni, mwaka 1938, ambayo ndiyo iliyonifanya nigombanie kuandika wasifu huu.

Zamani tulilipua mwamba kwa utambi. Matundu kumi na mawili, milio kumi na miwili. Tulikaa pembeni tukihesabu, na mlio ukipungua tulijua kuna baruti iliyobaki ndani. Ulipoletwa ulipuaji wa umeme, fataki zote kumi na mbili, vile vidude vya kuwashia baruti ndani ya matundu, ziliungwa katika mstari mmoja wa waya na kulipuka kwa pamoja. Mlio ukawa mmoja. Sikio likakosa kazi, na baruti iliyobaki ingemngoja mchimbaji wa zamu ya pili aje kuitoboa kwa keekee yake.

Siku hiyo msimamizi wetu, tuliyemwita Bwana Sasahivi, alikuwa na wageni wa kampuni juu na aliunga nyaya mwenyewe ili mambo yaende upesi. Akapima kwa kipimo chake kidogo. Sindano ikacheza, akaamuru kulipua. Antipasi, aliyekuwa ndiye mtunza mpini wa mashine ya kulipulia, ambayo bila mpini huo hailipui, akapima tena kwa mita yake. Kila fataki ilikuwa na ukinzani wa omu moja na nusu, kumi na mbili zikawa kumi na nane. Waya mrefu wa kwenda huko ulikuwa na omu tatu. Jumla ishirini na moja. Mita ikasema kumi na tisa na nusu.

"Kumi na moja wameitika, Bwana," alisema. "Mmoja hakuungwa."

Bwana Sasahivi alisema mita ni mbovu, kisha akasema waya ndio mbovu, kisha akasema Antipasi ndiye mbovu. Sindano imecheza, njia ipo, yeye anataka nini zaidi? Antipasi akasema njia ipo, ila sindano haisemi wamepita wangapi. Hapo aliamriwa mara ya mwisho. Siku zile kumkatalia msimamizi kulikuwa na milango miwili, kufukuzwa au kupelekwa bomani, na Mama Theodora alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Sisi tulisimama pale na keekee zetu tukitazama chini, na naona aibu kuandika kwamba hakuna aliyemsaidia hata kwa kukohoa.

Antipasi aliuchomoa mpini, akauweka mfukoni, akashika taa akaingia peke yake. Kwanza alitenga waya mrefu akaupima: omu tatu, kama siku zote. Kisha akafuata fataki moja moja. Chini kabisa upande wa kushoto alikuta nyaya mbili za fataki moja zimefukiwa kwenye udongo wa kuzibia tundu, na fataki za jirani zimeungwa kuiruka. Akaziunga. Mita ikasema ishirini na moja. Akarudi, akamkabidhi Bwana Sasahivi mpini kwa mikono miwili, na mlima ukalipuka.

Taarifa ya siku ile inasema kasoro iligunduliwa na msimamizi, aliyepongezwa kwa uangalifu. Sasa mimi ni karani wa ofisi, na nilipokubaliwa kuandika wasifu huu niliambiwa nitaje barua zote za sifa zilizomo katika faili la Bwana Njiku. Nimetafuta. Kuna barua moja tu, ya onyo, kwa kosa la kuzuia mpini wa mashine ya kulipulia kwa dakika arobaini. Naomba ihesabiwe kuwa ya sifa.

Bwana Antipasi, nenda ukafuge mbuzi wako Mungaa, na jua likizama uwashe kibatari bila kumwomba mtu ruhusa. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na wajukuu wanaojua kuzidisha.

Zamu ya pili ya siku ile ilikuwa na wanaume sita. Tundu la chini kushoto lilikuwa upande wangu, mimi Marko Kitundu. Kulia kwangu alikuwa Gasto, nyuma yetu Damiani, Simeoni, Melkizedeki na Paulo. Paulo alitutoka mwaka 1949 kwa homa, kitandani kwake, wanawe wakimshika mikono. Watano tuliobaki tumeketi mstari wa mbele leo, wasifu huu unaposomwa katika kukuaga, na tumekuja na watoto wetu wakuone. Asante, ndugu yetu.