Vidonge vya Foleni ya Sukari

Kijiwe cha Mchafukoge kilikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa na madaktari wawili ambao hawajawahi kusomea udaktari. Bakili alikuwa bingwa wa foleni: likisikika duka la ushirika limeshusha sukari, yeye yuko pale kabla jogoo hajawika. Pius alifagia zahanati miaka mitatu, basi wenye adabu wakamwita Dokta. Asubuhi hiyo mgonjwa wao alikuwa Mboni, binti wa Vitalis, mwaka na nusu, anaharisha tangu jana. Mgonjwa mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo ni babake, roho juu, vidonge viwili vya kufunga tumbo mkononi.

— Mpe bwana! alisema Bakili. Hivyo ndivyo vilivyoniokoa. Tumbo linaniendesha, foleni imefika Mnazi Mmoja, nikameza vinne. Sikutoka mstarini hata mara moja!

— Chooni ulikwenda lini? aliuliza Vitalis.

— Wiki iliyofuata. Lakini kilo mbili nilipata.

— Mtoto ni nusu mtu, mpe nusu kidonge, Pius alikata shauri.

— Ana homa pia.

— Basi kizima! Homa inatokea tumboni. Funga mlango, itachoka yenyewe.

— Na maji asiguse, aliongeza Bakili. Bomba unalijaza, halafu unashangaa linavuja?

Vitalis aliona wanasema kweli. Mwenye hofu huona kila mtu anasema kweli. Akaagiza kahawa ya tatu.

Ndipo akapita Severa, muuguzi, anatoka zamu. Vitalis akamwonyesha vile vidonge.

— Hivyo ni vya mtu mzima, kaka yangu, tena asiye na homa wala damu chooni. Mtoto mdogo hapewi, utamuua. Mpeni maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko, kisha mleteni zahanati. Amekojoa mara ya mwisho saa ngapi?

Dokta Pius akachungulia ndani ya kikombe. Vitalis alikuwa benchini tangu alfajiri.

— Sijui, alisema. Na nyumbani sukari hatuna.

Wote wakamgeukia Bakili. Alinyanyuka, akakimbia nyumbani kwake kuileta ile sukari yake, akaacha nafasi yake benchini wazi.